Ng'ombe Wanaingia Jumamosi

Jumapili, 13 Julai

Chai ya siagi na chumvi tena. Bado naimeza kama dawa. Profesa wangu wa tiba ya mifugo amekaa mbele na Dorje dereva, mimi nyuma na maboksi ya chanjo, magoti kidevuni. Kazi ile ile: tunapanda mlima, tunafika kwenye nyumba ya watawa wa Kibudha, tunachanja yaki wao, tunashuka, tunaanza mwingine. Yaki ni ng'ombe aliyevaa blanketi. Nawapenda kuliko watu wa chuoni.

Mchana, kwenye kona moja juu kabisa, mtandao ukashika. Meseji ya baba: "Ng'ombe wa Masatu wanaingia Jumamosi. Jumapili wanaenda Kiriba kwa wakwe wa Magesa. Mungu ni mwema."

Ng'ombe hao ni mahari yangu. Ilikuwa iwe Desemba, nikiwa nyumbani Butiama. Masatu ni mtu wa Bunda, yuko kiwanda cha pamba. Hana baya lolote. Simtaki tu. Mama anajua tangu mwezi wa tano. Alisema nimwachie yeye, atamlainisha baba.

Na Magesa, mdogo wangu, amempenda Nyabise wa Kiriba na hana hata ndama; wale wa dada zangu walishaisha zamani. Kwetu ng'ombe waliotolewa kwa dada ndio kaka anaowatoa ili aoe. Wakiwa bado zizini kwetu wanaweza kurudi walikotoka. Wakishafika Kiriba, nimeolewa.

Niliandika haraka: "Baba naomba usiwapokee. Masatu simtaki. Nitaeleza." Gari likakata kona, mtandao ukapotea. Meseji imebaki na kialama cha saa, haijaenda.

Jumatatu, 14 Julai

Tumekwama. Usiku mvua imemwaga mlima barabarani nyuma yetu, na mbele maji yamebeba daraja. Tuko kwa watawa wa kike, kijumba juu ya kijumba, vimebandikwa kwenye mwamba. Chini ni korongo.

Jana jioni nilijiaibisha. Tulipoingia niliona wanawake tu, wote wamenyoa vipara, kuanzia mabinti hadi mabibi. Wamekaa chini kimya, mmoja anapiga ngoma polepole. Kwetu hapo huulizi. Nikafunga kanga kiunoni, nikavua viatu, nikaketi sakafuni, nikaanza kuwapa mikono ya pole mmoja mmoja. Nikatoa na rambirambi, nikaikunjia kwenye kiganja cha bibi aliyeonekana mkubwa wao. Nilikuwa hata nimeanza kulia kidogo.

Dorje akaja kuniuliza nafanya nini. Nikamuuliza nani amefariki. Alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuna aliyefariki. Wamenyoa kwa sababu wameacha mambo ya kuolewa.

Bibi hakunirudishia pesa. Aliiweka mbele ya sanamu, akawasha taa ya siagi, akauliza aniombee nini. Nikasema barabara.

Jumanne, 15 Julai

Nimepanda paa zote. Nimenyoosha simu juu kila upande. Watawa wanadhani ni ibada ya kwetu, wananipisha kwa heshima. Hakuna mtandao.

Profesa ana raha zake. Mama huyu amejifunika shuka, anasoma, anasema mapumziko ya lazima ni zawadi. Nilitamani kumwagia ile chai.

Jumatano, 16 Julai

Hasira na mama. Alisema nimwachie. Nimemwachia.

Alhamisi, 17 Julai

Kuna mtawa anaitwa Ani Lhamo, rika langu, alisoma shule mjini. Kiingereza chake ni kibovu kama changu, kwa hiyo tunaelewana vizuri. Leo nilimweleza yote tukiwa tunachambua mbaazi. Aliuliza swali moja tu: kwa nini nisimwambie huyo mwanaume mwenyewe. Nikamwambia kwetu habari ya ng'ombe ni ya wazee. Msichana hamwambii mchumba kitu. Anamwambia mama, mama anamwambia baba, baba anawaambia wenzake. Akaendelea kuchambua.

Baadaye akanionyesha njia ya mbuzi juu ya nyumba. Inapita kwenye mwanya wa mlima, inashukia bonde la pili. Kule kuna mnara wa simu. Alfajiri hadi jioni kwa aliyezoea.

Sijazoea. Nimezaliwa chini, karibu na ziwa. Dorje amekataa, nimembembeleza, amekubali kwa masharti: akisema turudi, tunarudi. Profesa hajui. Kesho nikifika jioni, nyumbani ni mchana. Ng'ombe bado watakuwa Bunda.

Ijumaa, 18 Julai

Sikufika.

Mwanzo nilitembea vizuri, hata nikajisifu. Kisha hewa ikaisha. Unavuta, hakiingii kitu. Kichwa kikaanza kupasuka. Nikatapika kando ya rundo la mawe yenye maandishi ya dua, nikaona aibu, nikatapika tena. Mwanya nauona pale juu, upana wa mlango wa zizi. Kila nikiinua macho uko pale pale.

Nilianza kutambaa. Dorje akanishika mkanda wa begi kwa nyuma, akasema turudi. Nikamtukana kwa Kizanaki chetu, matusi ambayo baba angesikia angenilaani. Hakuelewa, lakini alielewa. Akanigeuza mzima mzima na kuniteremsha. Njia nzima ya kushuka nililia kwa sauti, wala sikujali. Kila hatua kichwa kinapona na moyo unazidi kuuma.

Bibi mkubwa alinisubiri mlangoni. Hakunigombeza, alinifunika tu.

Jumamosi, 19 Julai

Leo.

Najua kila kitu kinavyokwenda. Baba amevaa koti lake la kijivu. Lori limesimama chini, ng'ombe wanapandishwa kwa miguu ili majirani wawaone. Mama mdogo anapiga vigelegele mpaka sauti inakauka. Wazee wanawazunguka, wanashika nundu, wanakagua meno, mmoja lazima amkatae ng'ombe fulani kwa kukonda ili nao waonekane wana macho. Wanapika. Wananitaja. Wananiita mke wa mtu na mimi niko huku nashika bomba la sindano.

Nilifanya kazi maana kukaa sikuweza. Kwenye kundi kulikuwa na yaki dume mzee, ana nyuzi nyekundu masikioni. Nikamwambia Ani Lhamo huyu amewekwa alama ya kuuzwa, nimchanje kwanza. Akasema hapana. Huyo ameachiwa. Mwenye mali alimfunga nyuzi na kumwombea. Tangu siku hiyo hauzwi, hachinjwi, hatolewi kwa mtu. Anakula, anazeeka, anakufa siku yake.

Nilimtazama muda mrefu. Nilimwonea wivu ng'ombe. Nimeandika na sitafuta.

Jumapili, 20 Julai

Wako njiani kwenda Kiriba. Magesa anawaswaga mwenyewe, namjua, hawezi kumwachia mtu. Atakuwa anaimba.

Mashine imefika upande wa chini, tunaisikia ikikwangua. Profesa anafunga mizigo. Mimi sina haraka tena.

Jumatatu, 21 Julai

Barabara imefunguliwa. Ani Lhamo amenisindikiza hadi kwenye gari, amenifunga kitambaa cheupe shingoni, hakunipa neno lolote la busara. Nimemshukuru kwa hilo.

Mtandao ulishika mji wa kwanza, tunaweka mafuta. Kabla sijagusa kitu, simu ikatetemeka na ile meseji yangu ya Jumapili ikaenda yenyewe. Nilibonyeza kuifuta. Nikaona alama mbili za bluu. Baba ameisoma.

Kisha picha zikaanza kumiminika. Koti la kijivu. Nundu. Mama mdogo kinywa wazi. Magesa na Nyabise wamesimama mbele ya ng'ombe hao hao, huko Kiriba, wanacheka.

Nikampigia baba, hakupokea. Nikampigia mama, akapokea.

"Mwanangu, ulikuwaga wapi? Tumekutafuta mpaka tumechoka!"

"Mama, ulimwambia baba?"

Kuku wanasikika.

"Nilimwambia. Mwezi ule ule."

"Akasemaje?"

"Akasema utazoea."

Kwa hiyo alijua. Nimetambaa kwenye mlima nikatapika kwa watu, kupeleka habari ambayo ilishafika. Nilikata simu. Nilikaa chini pembeni ya pampu ya dizeli, sikulia. Kumbe wa kuambiwa hakuwa baba. Nikatafuta namba ya Masatu, sijawahi kumpigia mimi. Nilipiga kabla sijaogopa.

Alifurahi kusikia sauti yangu, na hilo liliniumiza. Nikasema, "Masatu, mimi sikutaki. Huna kosa. Nilipaswa nikwambie wewe mwenyewe."

Nyuma yake mashine za kiwanda.

"Ungenipigia hata Ijumaa," akasema. "Ijumaa ng'ombe walikuwa bado kwetu."

"Ijumaa nilikuwa napanda mlima nitafute mtandao."

"Ukafika?"

"Sikufika."

Nikasikia anahema. Akasema ana kazi, tutaongea. Akakata.

Jumanne, 22 Julai

Gari siku nzima. Mlima, nyumba ya watawa, mlima. Sijashuka kwenye gari. Profesa aliniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Jioni baba akapiga. Hakusalimia. "Masatu amewaambia wazazi wake, baba yake amenipigia. Umeniaibisha kwa watu wazima." Nikasema shikamoo baba. Hakuitikia. Nikasema najua mama alimweleza tangu mwezi wa tano. Akasema binti zake wote wanasemaga hivyo na wote wameolewa. Nikasema mimi ndiye nimebaki na ndiye nasema. Kisha salio lake likaisha. Naogopa. Pia nimepumua, kwa mara ya kwanza tangu ule mlima. Yote mawili kwa pamoja.

Alhamisi, 24 Julai

Tumelala hapa jana. Bonde ni pana, shayiri imekomaa. Nimefua soksi, zimekauka kabla ya saa sita.

Mama ameleta habari ndefu kwa ujumbe wa sauti. Nimesikiliza nikiwa nimekaa juani. Wakwe wa Kiriba wamesikia. Hawakuwarudisha ng'ombe na hawakuwachanganya na wa kwao. Wamewajengea kizizi cha peke yao pembeni ya nyumba, cha miiba, mpaka wazee wa pande tatu wakutane na mimi niwepo. Nyabise ameshafunga mabegi, yuko kwao, hajui ayafungue au asiyafungue. Masatu hajasema neno baya juu yangu kwa mtu yeyote. Magesa analala Kiriba kwa rafiki yake. Ng'ombe wale hakuna anayewachunga, maana si wa mtu, kwa hiyo asubuhi yeye anawakatia majani, jioni anawabebea maji ya ziwa kwa ndoo. Hajaniandikia. Mama anasema hajasema lolote juu yangu, jema wala baya.

Nitarudi mwisho wa Agosti. Sitabadili maneno, na sijui Magesa atapata wapi ng'ombe wengine. Nimeliwaza tangu asubuhi.

Nilitazama tena zile picha, safari hii nikaangalia ng'ombe. Wametoka Bunda kwa lori, wakatembea Butiama hadi Kiriba, sasa wanakula majani ya kukatwa. Mmoja, mwekundu, mbavu zinaonekana. Nikamwandikia Magesa: "Wape chumvi. Na yule mwekundu umtazame macho kama yamepauka."

Alikawia kujibu. Soksi nilikuwa nimeshazikunja.

"Sawa dada. Macho yako vizuri."