Viriba Vilivyogoma Kuoza

Mlowo, Mbozi
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka Jastin,

Pokea salamu zangu, kama huko Nakonde bado unapokea salamu za mtu. Habari za afya? Shangazi Violet ameniambia umekonda na kifua kinakusumbua. Pole. Mimi mzima, watoto wazima, mama anatembea kwa fimbo lakini hamu ya kula anayo. Kesho shangazi anavuka kuja huko Zambia na nyanya zake za kuuza, ndiye atakayekufikishia barua hii.

Ombi lako nimelipata. Unataka niende polisi niseme kwamba siku Boazi anauawa wewe ulikuwa kwangu hapa Mlowo tukipukuchua mahindi, ili uweze kurudi nyumbani. Unasema hukumgusa mume wangu. Nitakujibu, ila kwanza nikusimulie, maana ulikimbia moto bado unawaka.

Unakumbuka Boazi alivyoleta kijijini Igamba vile viriba, vifuko vya kuoteshea miche ya kahawa. Plastiki ya wanga wa mahindi, inaoza yenyewe, mkulima apande mche na kiriba chake bila kukichana kwa wembe kama tulivyozoea. Wewe ndiye uliyepita nyumba kwa nyumba ukivisifu, shemeji mtu. Vya kwanza vilioza kitaluni, miche haijakomaa. Basi watengenezaji wakachanganya chembe za zinki, ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya shuleni haizioni, wanaziita chembe za nano, ili kuvu isivile mapema. Kweli haikuvila, si kitaluni wala shambani. Chembe zile ziliua na vijidudu vya udongo vilivyopaswa kukitafuna kiriba, na baridi ya udongo wetu ikamalizia. Boazi alifukua mche kule Ruanda, hii ya hapa kwetu Mbozi, akakuta mizizi imejikunja ndani kama utumbo wa mbuzi, imejinyonga yenyewe. Alimpigia mtaalamu wa kampuni, akajibiwa kwamba kwenye majaribio yao, ndani ya mboji ya moto, viriba viliisha vizuri tu. Boazi akamtukana, yeye ambaye hata mbwa hakuwahi kumtukana.

Watu wa Igamba walikuwa wameshachoma kitalu na kumvunja mlinzi mkono. Boazi akasema miche mingine bado inaokoka, ikifukuliwa na kiriba kikachanwa. Akanunua maboksi ya nyembe, akajaza begi. Nilimsihi asiende. Alisema yeye ndiye aliyewaambia waache nyembe nyumbani, na yeye ndiye atakayewapelekea.

Alipofika, mtu alipayuka kwamba begi limejaa nyembe, kwamba huyu ni mchuna ngozi, amemaliza kahawa na sasa amefuata watu. Wewe unajua neno hilo linavyopokewa kwetu Mbozi, tangu enzi zile watu walipouawa ili ngozi zao ziuzwe. Hakuna anayeuliza ushahidi. Walimpiga mawe mpaka meno yakamwagika. Mzee Yonathani, yule anayeimba besi kanisani, alimkata panga la bega. Kisha wakamrundikia viriba vile shingoni wakawasha. Kuoza viligoma, ila kuwaka viliwaka. Nilimtambua mume wangu kwa kidole cha mguu alichokatwa na jembe utotoni. Sikufichi, kaka, tangu siku hiyo naota nikiwamwagia petroli watu wote wa Igamba, hata vichanga, na nikiamka najuta kuamka.

Sasa jibu lako. Polisi wanamtafuta aliyepayuka. Igamba wanasema alikuwa kijana mpita njia, na ndivyo ulivyomwambia shangazi. Lakini asubuhi ile nilikupigia simu nikakueleza kila kitu, kwamba Boazi anakuja na nyembe za kuchania viriba, uwakusanye watu wamsikilize. Pale Igamba wewe peke yako ulijua ni za nini. Na Boazi alipoona wamemzunguka alinipigia. Hakuwahi kusema nami, ila simu ilibaki wazi mfukoni. Nilisikia wakikubana wewe, wakiuliza ni nani aliyewashawishi kupokea viriba, wakisema waanze na wewe. Halafu nikasikia sauti yako ikiwaambia watazame begi. Ulilirudia lile neno mpaka wakalidaka. Hukumgusa, ni kweli.

Nilinyamaza kwa ajili ya mama. Juzi nimekwenda polisi Vwawa nikaandikisha maelezo yangu, na sikusema ulikuwa Mlowo. Nilisema nilichosikia. Askari aliniuliza kama nina hakika na sauti hiyo, maana wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nilimwambia ndiyo maana nina hakika.

Mama anakusalimu sana. Amefua shuka zako, anasema unarudi. Sijamwambia. Wasalimie wanaokuhifadhi hapo, na kifua hicho ukitibu. Ukiamua kuvuka, pita nyumbani kwanza akuone. Nitakuandalia chai, unywe uimalize, ndipo niwaite askari.

Ni mimi mdogo wako,
Nesta, mjane wa Boazi