Kadi Kwenye Droo ya Cherehani

Kambarage, Shinyanga

Baba Juliana,

Watoto hawajambo, na paa nimeliziba mwenyewe. Umepiga simu tena kuuliza kwa nini sishiki mimba, na mama yako ameshanipeleka kwa waganga watatu. Nachoma sindano ya uzazi wa mpango. Miaka sita, sindano ishirini na nne. Kadi ya kliniki niliificha kwenye droo ya cherehani, maana uliapa ukikuta kadi kama hiyo utanirudisha kwetu Didia.

Mara zote hizo manesi walinipima uzito na presha, hakuna aliyeniambia nijipapase matiti. Mimi fundi cherehani ninayepima vifua vya wanawake kila siku, changu nilikigusa mwezi wa tatu nikijipimia gauni la Pasaka, nikakuta uvimbe kama punje ya mahindi. Nikadhani umeletwa na sindano. Sikuuliza, kwa sababu kuuliza ni kuitoa kadi, na habari ingekufikia huko machimboni. Miezi saba nimekuogopa wewe kuliko uvimbe. Sasa umekuwa kama yai la njiwa, hospitali wamesema ni saratani, na Alhamisi wanalikata titi.

Ukija, uje kuwapikia watoto, siyo kugomba. Kadi iko mezani. Isome.

Mimi mkeo,
Mariana