Benchi Nililolisogeza Mlangoni

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nikikaa kimya nitapasuka. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni mzee wa kanisa, amepewa kazi ya kuwasikiliza watu wenye ndoa zenye matatizo na dhambi zinazowalemea, na utaratibu wetu ni kwamba akija mwanamke, mlango unaachwa wazi na mke wa mzee anakaa kwenye benchi mwisho wa korido, aone ila asisikie, ili watu wasipate la kusema. Miaka minne nimekaa pale nikipinda mikono ya mashati, sina shida na mtu, mpaka alipokuja dada mmoja wa kwaya, ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na mume wangu, ambaye nyumbani nikimwambia mgongo unaniuma ananijibu "mm" macho kwenye gazeti, nikamwona amemwinamia kabisa, anaitikia kwa kichwa. Mshauri, niliona wivu mpaka mate yakawa machungu. Joho lake la kwaya lilipoletwa kwangu nililibana kifuani makusudi akose pumzi, na akaimba vilevile.

Basi wiki iliyofuata nikasogeza benchi mpaka mlangoni. Nikasikia kwamba yule mtoto anayemwita mdogo wake ni mwanawe wa kumzaa, alimpata akiwa shuleni, mchumba wake hajui, na anaomba ushauri amwambieje. Jumatano kwenye maombi ya akina mama nikaliombea jambo hilo, jina sikutaja, nilisema tu, "Bwana, mkumbuke dada yetu wa sauti ya kwanza anayemficha mchumba wake mtoto," na wenzangu wakaitikia amina kwa nguvu kuliko siku zote. Jumapili haijafika mchumba alishasikia, uchumba ukavunjika. Sasa watu wanasema mzee ndiye aliyenisimulia, na Jumamosi baraza linakaa kumwondoa. Yeye amewajibu, "Sijamwambia mtu," basi. Mimi hajaniuliza neno, wiki mbili ananiangalia tu tukila. Nimfanyeje aache kabisa kuwasikiliza wanawake, maana hata leo akimwombea yule dada roho inaniuma?

Mke wa mzee

Mke wa mzee, pole kwa mgongo. Nasema kweli: anayeinamia cherehani kutwa halafu anajibiwa "mm" ana haki ya kulalamika, na ungelalamika kwa huyo mumeo mwenye gazeti. Ila umeniandikia barua ya wivu, dhambi ukaificha katikati kama pini kwenye pindo.

Ulichofanya Jumatano hakikuwa maombi. Mungu hakuhitaji kuelekezwa sauti ya kwanza au ya pili. Walioihitaji habari hiyo ni mama zako wa amina. Ulisengenya ukiwa umefumba macho, tofauti ni hiyo tu. Dada wa watu alikuwa anatafuta namna ya kusema ukweli mwenyewe, ukamsemea.

Swali lako lina jibu rahisi. Nyamaza. Jumamosi watamwondoa, hatamsikiliza mwanamke tena maisha yake yote, utakuwa umeshinda. Umefurahi?

Kama hujafurahi, usingoje baraza. Leo mwambie mumeo, benchi na yote, wala usianze na "wivu ulinizidi." Jumamosi simama mwenyewe mbele ya wazee. Dada wa kwaya usimvamie kwake na machozi yako. Mwombe mama mchungaji amuulize kama anataka kukuona, na akikataa, kubali. Akina mama waambie kwa sentensi mbili, macho wazi. Pale koridoni akae mwingine. Wivu hautaisha wiki hii, na si lazima uishe ndipo utubu.

Na huyo mume unayesema hakusikilizi: korido ile ilikuwa na mlinzi mmoja tu. Anajua, mama. Wiki mbili jina lake linachafuka na la kwako hajalitaja kwa mtu. Lile sikio unalowaonea wenzako wivu, amekutegea wewe tangu siku ile. Kaa chini uongee.