Macho ya Baba Njiani

Kibokoni, Mombasa

Kwa kaka yangu Yazid,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, na kwamba joto halijakuzidi nguvu. Sisi nyumbani hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Mjibu ndiyo, hata kama si kweli.

Kazi yangu mpya naipenda. Namsaidia Bi Winnie, mtafiti wa chuo, kupima jinsi akili inavyochoka mtu akitembea. Twamvisha mtu miwani yenye kamera ndogo, naye hutembea kutoka Ngome ya Yesu kufuata Ndia Kuu huku akiulizwa maswali. Akili ikielemewa, mboni za macho hutanuka na macho huganda mahali pamoja. Jua huzibana mboni, kwa hivyo twatafuta vichochoro vyenye kivuli.

Tulipokosa wazee, nilimwomba Baba. Nilidhani atakataa, maana siku hizi hatoki ila kwenda msikitini, na mtaani walishaanza kusema Mzee Idarus ana kiburi, hupita bila kuitikia salamu. Akakubali, tena akavaa kanzu iliyopigwa pasi.

Tulipoanza kutembea, Bi Winnie hakuwa amemuuliza swali lolote, na tayari mboni za Baba zilikuwa zimetanuka kama za mtu aliye katikati ya hesabu ngumu. Macho hayakuinuka ardhini. Muuza kahawa akamwamkia; Baba akapita. Tulipomkalisha barazani, mboni zikatulia, na kila alichoulizwa akajibu kwa mzaha.

Bi Winnie akamuuliza kwa upole, “Mzee, miguu yako waihisi?”

Baba akanitazama mimi kwanza. “Ni muda sasa, mwanangu, sijui nakanyaga jiwe au zulia. Nisipoangalia chini, naanguka.”

Kumbe sukari imemtia ganzi miguuni, naye akatuficha, akihofu tutamfungia ndani. Kutembea tu kulikuwa kunamla akili yote.

Nililia, lakini usiingiwe na wasiwasi. Daktari amemwona, amepata viatu vinavyomfaa na mkongojo, na jioni nampeleka kwa gari ufukweni pa Mama Ngina. Hukaa akanywa dafu, na wale waliomnunia humjia, wakacheka naye hadi sauti zikawakauka.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Siku ile kabla ya safari yako, mlipokuwa mkitoka msikitini, ulimwambia Baba kwamba wataka kumposa yule binti, Jana, naye hakukujibu hata neno. Ukaona amekataa, ukaondoka na uchungu, na tangu hapo simu wampigia Mama peke yake. Nilimuuliza Baba mbona alikunyamazia. Akashangaa. Alisema anakumbuka ngazi, na maji yaliyomwagika chini, na kwamba ulikuwa ukisema kitu. Akaona haya kukuomba urudie. Miezi yote hii alidhani umemchoka.

Hakukataa, kaka. Hakusikia.

Sikumtajia Jana, hilo ni lako kulisema. Nilikutana naye sokoni juzi. Hajaposwa, na aliniuliza habari zako mara mbili.

Baba amenituma hivi: “Mwambie Yazid anipigie baada ya Isha. Nitakuwa nimekaa kitako.”

Mama anakuombea heri na afya, nami pia. Wasalimie wote unaokaa nao.

Nduguyo akupendaye,
Mona