Zulia Lililofika kwa Posta

Bi Thelma mpendwa, sijawahi kuliandikia gazeti na sikudhani ningeandika, ila nimekwama na sina wa kumwambia, maana tangu mume wangu afariki nyumba hii ya Castlemaine haina anayebisha hodi ila mtu wa posta, na ndiye aliyeniletea hili balaa.

Mimi ni mfumaji wa mazulia ya ukutani. Miaka kumi na minane nilikaa benchi moja na Nerida kwenye karakana ya Melbourne, bega kwa bega, tukifuma kwa mkono kila zulia pamoja, yeye kushoto mimi kulia, na sehemu iliyokwisha inaviringishwa chini wala hatuioni tena hadi siku ya kukata, watu wanapokusanyika na kila mmoja anapewa mkasi akate nyuzi za mtande zinazolishikilia kwenye kitanda cha mfumi, zulia linashuka, tunalia kama watoto. Kisha vidole vikaanza kuniuma, nikajifunza kuchora kwa kompyuta, nikaaga. Nerida akaniambia mbele za watu, "Nenda kakae na mashine yako. Haitakuuliza kama umekula." Nikakasirika, na leo ni mwaka wa sita hatusemezani, na kweli mashine haijaniuliza.

Sasa maktaba ya mji wetu iliniagiza zulia, nikalichora miezi kumi kwenye kompyuta, uzi kwa uzi, nikatuma mchoro kwa kiwanda cha ng'ambo, wao wakalifuma kwa siku moja, likaja kwenye boksi. Ni zuri, Bi Thelma, lina rangi ambazo mkono wangu usingezifikia. Lakini watu wa maktaba walidhani nafuma kwa mkono, nami sikuwasahihisha, na mkutubi aliponiuliza siku ya kukata ni lini, mdomo ukajibu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwa kuwa wanajua tulifuma pamoja, wakamwalika Nerida akate uzi wa kwanza. Juzi nimepata kadi yake, maneno matatu tu: "Nitakuja. Nimenoa mkasi."

Nimetoa kitanda cha mfumi bandani, nimetanda nyuzi, nataka kulishonea humo zulia la kiwandani ili lionekane limefumwa pale pale. Nikikiri, watalirudisha na Nerida atanicheka. Nikishona, atakuwa hapa, hata kama ni kwa saa moja. Nifanye nini?

Mfumaji, Castlemaine

Mfumaji, kwanza acha hiyo sindano. Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nimekuonea huruma, mara ya pili nimekasirika. Unataka mwanamke aliyefuma maisha yake yote ashike zulia la mashine asijue? Atajua akiligusa tu, na atajua mbele ya meya na wajukuu wa watu, mkasi mkononi. Hapo hutakuwa umempata rafiki, utakuwa umemfanya mjinga hadharani.

Kompyuta si kosa lako. Kuchora uzi kwa uzi miezi kumi ni kazi, na vidole vinavyouma si aibu. Kosa lako ni kunyamaza watu walipokusifia kazi ambayo hukuifanya, na hilo huwezi kuisingizia mashine.

Kwa hiyo leo nenda maktaba kwa miguu yako, usiwaandikie. Waambie limefumwa wapi, limefumwa vipi, na kwamba hakuna cha kukata. Wakilikataa ni haki yao, utalitundika kwako. Wakilikubali, kibao cha ukutani kiseme ukweli wote, mchoro ni wako na ufumaji ni wa kiwanda.

Lakini tusidanganyane, mama. Ungekuwa unaogopa maktaba tu, Jumamosi hiyo ungejifanya unaumwa tumbo ukabaki kitandani. Unashona kwa sababu unamtaka Nerida aje, na umeona heri umlete kwa hila kuliko kumwomba. Basi mwombe. Mpigie kabla hajanunua tiketi ya treni, mweleze zulia lilivyofumwa, kisha mwambie umekaa miaka sita bila yeye na imekushinda, unaomba aje hata kama hakuna cha kukata. Habari za vidole usimtajie, ataona unajitetea. Ukishasema, nyamaza umsubiri. Na hata akikaa kimya muda mrefu kiasi gani, usiwe wewe wa kuweka simu chini.