Tumbaku ya Kilima cha Mama

Dada yangu Panjiti,

Pokea salamu zangu kutoka hapa kambini, chini ya vilima vyetu. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, mkono unaochomwa sindano umepoa, na ile mashine ya kusafisha damu haikuchoshi kama ulivyomweleza mama mkubwa Kukika. Sisi ni wazima kwa kadiri yetu. Baridi ni kali, na mbwa wako mwekundu amezaa tena chini ya gari bovu. Mama mkubwa miguu inamvimba, lakini mdomo wake unaujua, huo haujaugua hata siku moja. Anakusalimu sana.

Nimeandika kwa sababu simu iko palepale dukani, na mtu akiishika foleni nzima inanyamaza ili isikie. Dulcie anakuja huko kupimwa macho, ndiye atakayekukabidhi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Uliagiza mingkulpa, tumbaku yetu ya mwambani. Ulisema ile inayouzwa kwenye vimfuko nje ya maduka huko mjini Alice Springs ni takataka, imechanganywa na majivu ya kuni za kupikia, inachoma midomo na haitulizi moyo, na aliyeitengeneza hakuwa na mama wa kumfundisha. Mama mkubwa alicheka kwa maneno hayo mpaka akakohoa.

Tulikwenda kilimani mvua zilipokatika. Moto ulikuwa umepita kule mwaka jana, kisha ikanyesha vizuri, kwa hiyo tulijua majani yatakuwa mapana kama kiganja. Unakumbuka mama yetu, ambaye tangu afariki jina lake bado tunalinyamazia, alivyokuwa akikung'uta mbegu kwenye nyufa za miamba, akizifukia kwa majivu ya moto uliopita. Alivyokuwa akitupiga vidole tukichuma mpaka chini. Chukua ya juu, mwachie mmea mguu wake. Njiani mama mkubwa alikuwa akiimba, donge lake la mwisho la tumbaku ya kutafuna limekaa nyuma ya sikio, akisema kesho ataonja la maana.

Dada, hatukukuta kitu. Kila mche ulikuwa umeng'olewa. Mizizi ilikuwa juu, imekaukia juani, na vikonyo vimetupwa rundo moja kama takataka za sherehe. Nilipanda mpaka kwenye pango ambako mama alikuwa akituacha kivulini tukiwa wadogo, nako ni hivyo hivyo. Nilipoteremka nilimkuta mama mkubwa ameketi chini. Alikuwa anatazama mchanga.

Palikuwa na alama za magurudumu, na pembeni yake nyayo za mtu. Mguu wa kulia umekanyaga sawasawa, wa kushoto umeburutwa. Mama mkubwa akanitazama.

“Mavis,” akasema, “usinifanye niseme mimi.”

Basi nikasema mimi, na sasa nakuambia na wewe. Zilikuwa nyayo za mwanao, Clifton. Toka gari lilipompindukia pale kijitoni, hakuna mwingine anayetembea hivyo.

Najua utasema tumerukwa na akili, kwa kuwa Clifton yuko mgodini huko magharibi. Hata sisi tulijua hivyo. Mimi mwenyewe nilimwambia mama mkubwa labda macho yetu yamezeeka. Lakini Jumamosi nilimkuta dukani akitia mafuta, kopo la soda mkononi, na nyuma ya gari kuna magunia yaliyofungwa. Nikamvuta mpaka kwenye tangi la maji. Akaanza kwa mzaha, akaniuliza siku hizi nimekuwa polisi wa majani. Nilipomwambia nimetoka kilimani, mzaha ukamwisha.

Akaniambia mgodi aliuacha zamani. Mguu haukuweza. Aliona aibu kurudi mikono mitupu, akaanza kuchuma mingkulpa na kuipeleka mjini, anawapa wanawake wawili wamuuzie. Vimfuko vile ni vyake. Dada, ile takataka uliyoitukana ilitoka kwenye kilima cha mama yetu, na aliyeitengeneza ni mwanao. Nilimuuliza kwa nini ang'oe mpaka mizizi. Akajibu kwamba gari lilikuwa la kuazima na alikuwa na haraka.

Hapo ndipo lilipokuja hili ninalokuandikia. Nilimwambia kwamba kama yuko mjini kila wiki, basi humwona mama yake. Akageukia tangi.

“Namwona,” akasema. “Naegesha gari nyuma ya hosteli ya wagonjwa. Namwona akiteremka kwenye basi la kliniki.”

“Na hushuki?”

“Nikishuka ataniomba tena.”

“Akuombe nini?”

“Nimlete nyumbani. Aachane na mashine, aje afie huku. Nitamletaje, mama mdogo? Nikimleta, nimemuua mimi. Nikikataa, ananitazama tu. Ndiyo maana nilikwenda mgodini, na nilipouacha sikumwambia.”

Nilikuwa nimeinua mkono nimpige. Niliushusha, lakini sikumkumbatia, na sijui kama nilifanya vyema. Mama mkubwa alikuwa amesogea bila sisi kumwona, na alikuwa amesikia yote. Yeye hakumhurumia. Alimwambia: “Mwanangu Panjiti yuko kule analilia nyumbani kwao, na wewe unamuuzia hapohapo nyumbani kwao kwa vimfuko. Usikanyage kilima kile tena, mimi nikiwa hai au nikiwa nimekufa.” Clifton akaingia garini akaondoka. Mafuta hakumaliza kutia.

Tulirudi kilimani tukapekua lile rundo tukitafuta vitumba vya mbegu. Vingi vilikuwa havijakomaa. Tulisukuma mbegu chache kwenye nyufa, ila mama mkubwa anasema itapita miaka mingine na moto mwingine kabla hatujachuma tena. Kwa hiyo Dulcie anakuletea barua na mkia wa kangaruu, tumbaku hakuna.

Nilikuwa na hasira na Clifton. Sasa nina hasira na wewe pia, na siwezi kuificha. Mzigo kama ule ulimtwisha mtoto, na mimi nipo. Nimejiuliza kwa nini, na nadhani najua. Yeye ni mwepesi, ulifikiri atakubali. Mimi ulijua nitakataa. Ni kweli, ningekataa. Ningekupigia kelele mbele ya manesi.

Usimwombe tena Clifton. Niombe mimi. Nitapanda gari la kliniki likija huko baada ya mazishi ya watu wa upande wa mashariki, na nitakaa karibu na mashine yako mpaka imalize. Siahidi kwamba nitakubali. Ninachokuahidi ni kwamba utalisikia jibu langu mimi nimekushika mkono, na kama ni hapana utanitukana nikikuangalia.

Wasalimie wote wa hosteli wanaotujua. Mama mkubwa anasema ule chakula, hata kama hakina ladha. Blanketi lako la bluu bado liko hapa, nimelifua.

Ni mimi mdogo wako,
Mavis