Ningemwambia Simoni Apite

Niboye, Kigali

Mke wangu Mama Rehema,

Mbukwa. Ni mimi mumeo, mzee wa miaka sabini na kitu. Kaka zangu wote nimewazika. Chama chetu cha wakulima wa zabibu kilikufa, mimi nipo. Baiskeli zangu za chuma zimeisha kwa kutu, mimi nipo. Hata yule daktari aliyenikataza kupanda baiskeli alitangulia yeye, na mazishini kwake nilikwenda kwa baiskeli, ulikuwepo, uliona. Naandika kwa mkono wangu. Herufi zinapanda na kushuka kama unavyozijua, kwa hiyo soma taratibu na usimpe mwalimu wa jirani akusomee. Haya ni ya kwetu.

Goti lako linaendeleaje? Mizabibu imepogolewa? Mwambie mdogo wangu Yohana asiguse ile mistari ya karibu na korongo mpaka nirudi, hana mkono wa kupogoa, ana mkono wa kukata kuni. Mjukuu wetu hapa ameota meno na anauma kila mtu isipokuwa mimi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nyumba hii kuta zake nyembamba, na Rehema ana masikio yako. Tena wewe kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza. Karatasi haikatizwi.

Mkwe wetu Simoni ameanguka na baiskeli. Yu hai, usipige kelele. Mtulinga umevunjika, mkono umefungwa kifuani, usiku analala ameketi. Rehema amekwambia ni ng'ombe aliyekatiza njia. Mama Rehema, hapakuwa na ng'ombe.

Kazi yake unaijua kwa kusikia tu, ngoja nikueleze. Ana baiskeli nyepesi za matairi yenye meno, anawatembeza wageni njia za changarawe zisizo na gari hata moja. Unatoka hapa mjini, unateremka mpaka bonde la Nyabarongo, unafuata mto kando ya miwa na viazi vitamu, halafu unapanda migombani, unaingia msitu wa mikaratusi wenye baridi na harufu ya dawa ya kifua. Unasikia mnyororo wako tu, na watoto wanaokushangilia kutoka juu ya kingo. Nimepita kwingi, lakini njia kama hizi sijaona. Niliwaambia wageni wake kwamba kwetu Dodoma mtu anaendesha katikati ya mizabibu hadi zabibu zinamgonga magoti, na kwamba mimi nilikuwa nikibeba makreti manne bila kushuka kwenye kilima. Wakanipiga picha. Simoni akawa anatafsiri, na ingawa anajua yalikuwa makreti mawili, alitafsiri manne vilevile.

Siku aliyoanguka wageni hawakuwepo. Alikuwa anakwenda kujaribu njia mpya ya kutokea msituni hadi mtoni, maana kuna kundi kubwa linamsubiri. Nikasema nakwenda. Rehema akasema, "Baba, huko ni mteremko mkali, kaa na mtoto." Nikamjibu kwamba mteremko mkali ni huu wa kukaa na mtoto. Nikachukua baiskeli moja ya Simoni.

Tulipoanza tu nikashika mbele. Na unajua ni kwa nini alinifuata nyuma. Kwa ukoo wetu mkwe hampiti baba mkwe njiani, wala hamwambii usoni kwamba amekosea, mpaka sisi wazazi wa binti tupeleke mbuzi wa njia kwao, na kamba uishike wewe mama mkwe. Baba yake alikuja kuomba tupeleke, ukasema tupeleke, mimi nikasema bado. Nilisema mkwe mwenye adabu hana haraka. Maneno hayo yananikaa kooni sasa kama mbegu.

Msituni nilikwenda vizuri. Tulipofika mteremko wa kushuka mtoni, ule mrefu, wenye kona na kokoto zinazotembea, nikapunguza. Si kwa kuogopa. Ndiyo, niliogopa kidogo. Nikawa nashuka katikati ya njia kama ng'ombe anayekwenda mnadani, huku namsimulia Simoni nyuma yangu habari za mafuriko ya korongo letu. Yeye akawa amebana breki muda wote asinikute.

Akasema, "Baba, mandhari hapa ni mazuri. Wageni wangependa tusimame."

Nikasema, "Wageni wako wapi? Twende."

Kona ya pili akasema, "Baba, nadhani kiu imekushika."

"Kiu imekushika wewe, kijana. Wanaume wa siku hizi mnachoka mkiteremka!"

Akacheka kwa adabu. Na hapo, mke wangu, nikasikia harufu. Breki za baiskeli hizi ni za sahani ya chuma, zikibanwa sana zinaungua, zinanuka kama kitambaa kilichosahaulika kwenye pasi, halafu zinakuwa laini hazishiki. Nilijua ile harufu. Simoni mwenyewe alinifundisha wiki ile ile, nami nikamwambia nilikuwa najua tangu zamani. Nilijua kwamba breki zake ndizo zinaungua, na kwamba anaomba kwa kuzunguka kwa sababu mila yetu haimruhusu kuomba kwa kunyoosha. Ningesema neno moja tu: pita. Angepita, angesimama mbele kwenye tambarare, baiskeli zingepoa, tungekunywa maji.

Sikusema. Nilikuwa naonja raha ya kufuatwa. Sijafuatwa na mtu tangu miguu ianze kuniuma. Nikataka aombe mara moja tena.

Hakuomba. Nilisikia kokoto zikiruka, nikageuka, nikamwona anakuja na hana breki. Upande wangu wa kushoto palikuwa na nafasi. Baiskeli mbili zingepita pale, mimi nasema hivyo na nimeendesha miaka yote. Alikuwa na nafasi ya kunipita na hakunipita. Aliinama upande wa kulia, akaingia mtaroni.

Mama mmoja aliyekuwa akilima mihogo kando ya njia, jina lake Epifaniya, alikuja anakimbia na jembe mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama tu. Akanifokea kwa Kiswahili chao, "Weye muzehe! Iko unaangaria nini? Kamata mutoto kichwa!" Nikamshika kichwa. Simoni akafumbua macho akaniambia, "Baba, hujaumia?" Akaniuliza mimi. Epifaniya akaita pikipiki mbili, moja ikambeba na mtu wa kumshika nyuma, nyingine ikanibeba mimi, na baiskeli zikabaki kwake.

Hospitalini Rehema alipofika aliuliza imekuwaje. Mdomo wangu ukasema ng'ombe. Simoni pale kitandani, uso kama majivu, akasema, "Ndiyo, ng'ombe. Mweusi." Akampa na rangi!

Nilidhani yameisha. Kumbe Rehema hasira zake zote zimekwenda kwa mumewe. Anasema ni mzembe, kwamba alimpeleka mzee kwenye njia asiyoijua, kwamba kama hawezi kuona ng'ombe mzima atawaonaje wageni. Anataka baiskeli zote ziuzwe, Simoni arudi gereji ya Gikondo alikokuwa akipumua rangi ya kupulizia mpaka kifua kikaharibika. Na Simoni anaitikia. Juzi mtu alikuja kuziangalia, akazigonga matairi kwa kiatu. Nilikaa chumbani sikutoka.

Jana nikashindwa. Wakati wa chakula nikamwambia Rehema kila kitu kama nilivyokuandikia. Nikamaliza, nikangoja anifokee. Simoni akaweka kijiko chini akasema taratibu, "Baba jua lilimchosha siku ile. Alikuwepo ng'ombe." Rehema akanitazama kwa huruma, mke wangu, akanishika bega. "Baba, najua unampenda Simoni. Usijitwishe yasiyokuwa yako." Kisha akaniongezea mchuzi.

Maisha yangu yote nimesema makreti manne watu wakaamini. Nimesema kweli mara hii, mwanangu ananipa mchuzi.

Kwa hiyo nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Mchukue yule beberu mwekundu. Usingoje nirudi, usingoje mvua. Nenda kwa kina Simoni hapo ng'ambo ya korongo, shika kamba wewe, sema mbele ya baba yake kwamba njia iko wazi, na kwamba ni mimi niliyeifunga. Wakishamla mbuzi, wampigie Simoni simu wao wenyewe. Akishafunguliwa anaweza kusema mbele yangu kwamba nilikosea, na mkewe atamwamini, na zile baiskeli zitabaki ukutani mpaka mfupa ushike. Nikirudi nitatembea nyuma yake hata kwenda kisimani.

Msalimie mdogo wangu Yohana na mkewe, msalimie shangazi yangu asiyesikia, kwa sauti, na mzee wa kanisa aliyetubarikia ndoa ya watoto hawa. Watu wa kwa Simoni usiwasalimie kwa niaba yangu. Wape mbuzi kwanza.

Barua naipeleka kwa dereva wa lori anayepita Dodoma, atakukabidhi mkononi.

Ni mimi mumeo, Baba Rehema.

Ukitaka wa kuthibitisha haya, yupo Epifaniya wa bonde la Nyabarongo, aliyeona njia nzima na hakuona ng'ombe. Yupo mwenye pikipiki aliyenibeba, nililia mgongoni kwake. Simoni usimhesabu bado. Mbuzi akishafika kwao, ndipo umhesabu.